Grant, Askari Aliyekusanya Mimea ya Nchi za Akagera

Askari wa zamu asimamaye Gisimenti, katika Remera ya Kigali, amezungukwa na lami, maduka na saruji. Hata jina la mtaa wenyewe limelibeba neno simenti. Hapo haoni kinamasi. Lakini akiifuata barabara kuu iendayo Kabuga na Rwamagana, haendi mbali kabla ya kulikuta bonde la Nyandungu, ambako hekta 121 hivi za ardhi chepechepe iliyokuwa imeharibiwa zilitengenezwa upya na kufunguliwa kwa raia mwaka 2022. Katika mabonde ya namna hiyo ndimo yalimo makao ya mafunjo, yale ambayo Wanyarwanda huyaita urufunzo, pamoja na jamaa zake wengi wa jamii ya ndago. Maji ya mabonde ya Kigali humwagikia Nyabarongo. Nyabarongo huzaa Akagera. Na Akagera huingia ziwa Viktoria na kuulisha mto Nili.

Mtu akitaka kulirudishia bonde mimea yake ya asili, swali lake la kwanza ni kama lile la mpelelezi: ni kitu gani kilichokuwapo, kilionwa na nani, siku gani, mahali gani? Masimulizi ya wazee yana thamani kubwa, lakini hayatoshi peke yake, kwa maana majani ya jamii ya ndago hufanana mno, na jina moja la kijijini huweza kuvikwa mimea mitatu. Hapana budi kuona kidhibiti chenyewe. Vidhibiti vya namna hiyo huwekwa katika hebaria, yaani ghala ya mimea iliyokaushwa, ambamo kila mmea umebandikwa juu ya karatasi ngumu pamoja na maelezo ya mahali, tarehe na jina la aliyeuchuma.

Leo tumependa kuwasimulia wasomaji wetu wa vikosi vya ulinzi na vya polisi maisha ya mmoja wa watu wa mwanzo kabisa waliokusanya vielelezo hivyo katika nchi ambazo Akagera hupita. Hakuwa profesa. Alikuwa askari wa miguu, tena mwenye kilema cha mkono. Jina lake ni James Augustus Grant. Wengi wanalijua jina hilo pasipo kumjua mwenyewe, kwa kuwa yule swala mkubwa wa mbuga za Kenya na Tanzania, swala granti, aliitwa kwa jina lake.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma Aberdeen, na mwaka 1846, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, aliingia katika jeshi la Bengal huko India, jeshi ambalo maofisa wake walikuwa Waingereza na askari wake wenyeji wa India. Alipigana katika vita vya Waingereza na Masingasinga, akawapo kwenye kuzingirwa kwa Multan na kwenye mapigano ya Gujrat mwaka 1849. Hatutazipamba vita hizo. Zilikuwa vita za kuiweka India chini ya mamlaka ya kigeni, na Grant alikuwa mtumishi wa mamlaka hayo, kama alivyoendelea kuwa maisha yake yote.

Mwaka 1857 askari wa India waliasi. Grant alipelekwa pamoja na kikosi kilichokwenda kuwaokoa Waingereza waliozingirwa Lucknow, na katika mapigano hayo alijeruhiwa mkono wa kulia, akapoteza kidole gumba na kidole cha shahada. Askari yeyote anajua maana yake. Mkono huo ndio wa bunduki, ndio wa kalamu. Ofisa wa daraja lake angaliweza kurudi kwao, akapokea posho yake na kuketi. Grant alirudi kwao mwaka 1858 kuuguza jeraha, na mwaka uliofuata akamwandikia rafiki yake wa India, John Hanning Speke, kumwomba nafasi katika safari mpya ya kwenda kukitafuta chanzo cha Nili. Speke alikwisha kulifikia ziwa Viktoria kwa upande wa kusini mwaka 1858, na sasa alitaka kuthibitisha kwamba mto Nili hutoka humo.

Walishuka Unguja Agosti 1860. Sultani Majid aliwasaidia kwa watu na kwa ulinzi. Askari kumi walikuwa wametolewa Rasi ya Tumaini Jema. Wapagazi waliajiriwa Unguja na pwani. Mwanzoni mwa Oktoba msafara ukaondoka Bagamoyo. Mkuu wa watu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akafika India, akarejea huru, mtu ambaye baadaye aliwaongoza pia Stanley na Cameron, akafariki mwaka 1885. Twamtaja mapema kwa makusudi, kwa kuwa habari za wasafiri wa Ulaya mara nyingi husimuliwa kana kwamba walitembea peke yao.

Kazi ziligawanywa. Speke alipima nyota ili kujua latitudo za vituo, akapima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akawinda. Grant alipewa mimea, michoro na hali ya hewa. Alikuwa pia amechukua mtambo wa kupigia picha, akapiga picha chache Unguja, lakini joto na ugumu wa kazi hiyo vilimfanya auache. Basi akabaki na rangi, penseli na karatasi za kukaushia mimea. Kwa ule mkono usio na gumba alichora watu, nyumba, vyombo, milima na maua, na michoro hiyo imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Hapa yafaa tueleze kazi yenyewe, kwa sababu si kazi ya kuchuma maua kama adhaniavyo asiyeijua. Mmea huchumwa na mizizi yake ikiwezekana, hutandazwa katikati ya karatasi zinyonyazo maji, hubanwa kwa mbao na kamba, na karatasi hizo hubadilishwa siku kwa siku mpaka mmea ukauke kabisa. Karatasi zilizolowa huanikwa juani au karibu na moto. Ikiwa mvua inanyesha wiki nzima, mmea huota ukungu na kazi yote huharibika. Mchwa nao hawalali. Kisha mzigo wote hubebwa kichwani na mpagazi, asubuhi baada ya asubuhi, kuvuka mito na matope, na yeye mpagazi, ambaye angependelea kubeba nguo au shanga zenye faida inayoonekana, haoni kwa nini ajitaabishe na majani makavu.

Jamii ya ndago ina taabu zake zaidi. Majani yake ni kama ya nyasi; maua yake ni madogo, ya rangi ya kahawia au kijani, hayamvuti mtu. Mwenye kuitambua hugusa bua kwanza, na katika aina nyingi hulikuta lina pembe tatu. Lakini kuijua aina hasa, ni lazima azione mbegu zilizokomaa na magamba madogo yanayozifunika, pamoja na shina la chini ya matope. Kielelezo kisicho na mbegu huwatia mashakani hata mabingwa. Na mafunjo, ambayo hufika mita nne na zaidi, hayawezi kuingia mazima katika karatasi ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Hukatwa shungi la juu likakunjwa, hukatwa kipande cha bua, hukatwa kipande cha mzizi, na urefu kamili huandikwa kwenye maelezo. Asiyeandika urefu amewaachia watakaofuata fumbo.

Na jambo kuu ni maelezo hayo. Mmea mzuri usio na tarehe wala mahali una thamani ndogo kuliko jani lililochakaa lenye vyote viwili. Ndugu zetu wa polisi hawahitaji kufundishwa hili: kisu kilichookotwa, lakini hakikuandikwa katika daftari la vidhibiti siku ile ile, hakisemi kitu mbele ya hakimu. Grant aliandika. Aliandika mahali, mwezi, kimo cha mmea, rangi ya ua kabla halijafifia, udongo uliomo, na mara nyingi matumizi ambayo wenyeji waliyapata katika mmea huo. Na kwa kuwa Speke alikuwa akivipima vituo kwa nyota, msomaji wa leo anaweza kulichukua jina lililoandikwa kwa tahajia ya ajabu ya wakati ule na kuliweka juu ya ramani pasipo kukosea sana. Mmoja aliandika mmea, mwingine akaandika nchi.

Safari haikuwa nyepesi. Msafara ulifika Kaze, yaani Tabora ya leo, Januari 1861, na hapo ukakwama kwa miezi mingi kwa sababu ya vita vya Waarabu na mtemi Manua Sera, njaa, na uhaba wa wapagazi. Ikabidi Speke na Grant watembee mbalimbali, kila mmoja na sehemu yake ya mizigo. Septemba 1861 watu wa mtemi mmoja aitwaye Myonga waliushambulia msafara wa Grant, wapagazi wakatawanyika, mizigo ikaporwa. Grant aliwakuta watu waliovaa nguo zake mwenyewe. Hakufyatua risasi kulipiza. Alikwenda kwa mtemi kudai mali, akangoja, akajadiliana, akapata sehemu tu ya vitu vyake, akaendelea na safari. Wako waliomwona dhaifu kwa ajili hiyo. Sisi twaona kwamba ofisa mwenye watu wachache katika nchi ya watu, akichagua kuwafikisha wazima, ametimiza kazi yake.

Tarehe 25 Novemba 1861 waliingia katika makao ya Rumanika, mfalme wa Karagwe, huko Bweranyange. Wote wawili walimsifu kuliko mtawala mwingine yeyote waliyemkuta njiani: mtu mpole, mwenye kuuliza maswali ya maana juu ya nchi za mbali. Kutoka Karagwe waliona upande wa magharibi vilele vya mbali walivyoviita Mfumbiro. Hivyo ndivyo vilele vya volkano vya Virunga. Rwanda yenyewe Grant hakuikanyaga. Nchi hiyo ilikuwa imefungwa kwa wageni, ikabaki hivyo hadi miaka ya 1890. Lakini mto uliopita kati ya Rwanda na Karagwe ulikuwa ule ule Akagera, maji yale yale yaliyopita chini ya vilima ambavyo leo ni Kigali.

Hapo Karagwe mguu wa kulia wa Grant ulivimba kuanzia gotini, ukatoa usaha, akawa hawezi kusimama. Miaka mingi baadaye matabibu waliosoma maelezo yake walidhani kwamba huenda kilikuwa kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo moja la Uganda. Januari 1862 Speke aliitwa kwa Kabaka Mutesa, akaenda na kumwacha mwenzake. Grant alilala Karagwe hadi katikati ya Aprili. Alitibiwa kwa dawa za kienyeji za namna nyingi, nyingine za kumchoma, nyingine za kumpoza. Rumanika alimtembelea na wanawe walikuja kumpumbaza kwa mazungumzo.

Sasa, katika hazina ya Grant imo mimea iliyoandikwa Karagwe, na vitabu vya mimea ya Afrika vimeitaja tena na tena. Mtu asiyeweza kuinuka kitandani hakuifuata mabondeni na mlimani kwa miguu yake. Hatuoni namna nyingine ila kwamba mikono mingine iliichuma sehemu ya mimea hiyo: watumishi wake, kama Uledi aliyemhudumia, pengine na vijana wa Karagwe waliojua mmea upi huota wapi. Juu ya kikaratasi limeandikwa jina la mgonjwa, au majina mawili, Speke na Grant. Hili ni pengo katika ushahidi, na halikuwa lake peke yake; karibu hebaria zote za karne ile zina pengo hilo.

Aprili 1862 walimpandisha machelani, wakambeba kuelekea Buganda. Njiani alivuka Akagera, ambayo katika sehemu hiyo waliiita Kitangule. Speke aliyevuka kabla yake aliukuta mto wa kina kirefu na wenye nguvu, upondo wa wapiga makasia haukugusa chini. Na kwa kuuona hivyo alizidi kuamini kwamba ziwa lililolishwa na mto wa namna hiyo halikuwa dimbwi. Ni mto huo huo ambao daraja lake la Kyaka lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin Novemba 1978, jambo ambalo maofisa wengi wamelisoma katika vyuo vyao.

Katika mito na vinamasi kati ya Karagwe, Buganda na Bunyoro, Grant alikutana na mafunjo kwa wingi. Mmea huu hauoti tu kando ya maji, huyatawala. Mizizi yake minene husukana ikawa mkeka unaoelea, na mkeka ukikatika huwa kisiwa kinachosafiri na mto. Matope na taka hubaki humo, maji hutoka yakiwa safi zaidi. Wenyeji walivuka kwa vyelezo vya mafunjo, waliezekea, walifunga mizigo kwa maganda ya mabua yake. Ndugu yake mfupi, ambaye Wanyarwanda humwita urukangaga, ametumika vizazi na vizazi kwa mikeka. Aliyetembea naye njia hiyo hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba kinamasi ni mali.

Na kuna habari nyingine ya mafunjo ambayo hakuna kikaratasi cha hebaria kinachoibeba, wala haiwezi kuachwa kutajwa katika gazeti la Rwanda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wa Bugesera waliokimbia kutoka Ntarama na Nyamata walijificha katika urufunzo wa vinamasi, wakilala matopeni mchana kutwa huku wauaji wakiwasaka kwa mapanga, hadi askari wa Rwanda Patriotic Army walipofika Mei. Wengi hawakutoka humo. Basi tunapoandika mafunjo kuwa ni mmea tu, tujue kwamba wako wasomaji wetu ambao neno hilo linawagusa kwa namna nyingine.

Grant alifika kwa Mutesa mwishoni mwa Mei 1862, akichechemea. Julai wakaondoka pamoja kuelekea kaskazini, na hapo likatokea jambo lililozungumzwa kuliko jambo lingine lolote la maisha yake. Speke aliamua kwenda mwenyewe upande wa mashariki, kwa mwendo wa haraka, kupaona mahali ambapo Nili hutoka ziwani. Grant akamtuma na mizigo na ng'ombe kuelekea kwa mfalme Kamurasi wa Bunyoro. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama juu ya maporomoko aliyoyaita Ripon. Mwenzake wa miaka miwili hakuwapo.

Sababu iliyotolewa ilikuwa mguu: Grant hakuweza kutembea maili ishirini kwa siku. Labda ndivyo. Waandishi wengi hawakuridhika, wakasema Speke hakutaka kugawana na mtu saa hiyo. Sisi tunaona kwamba kiongozi mwenye moyo mkubwa angalimngoja mwenzake siku chache, kwa kuwa maporomoko hayakuwa yakienda popote. Lakini la ajabu ni mwenendo wa Grant. Hakulalamika siku ile, hakulalamika katika kitabu chake, hakulalamika alipokuwa mzee na Speke amekwisha kuwa kaburini. Aliendelea kusema kwamba alikubali kwa sababu hali yake haikumruhusu. Alipelekwa upande wa kazi isiyo na sifa, naye huko nako akaandika mimea.

Walikutana tena, wakapita Bunyoro kwa taabu, na tarehe 15 Februari 1863 wakafika Gondokoro. Kati ya wote waliotoka pwani, waaminifu 18 ndio walioshuka na Nili hadi Cairo, wakapigwa picha huko. Grant alikuwa ameuteremka mto kutoka nchi ambako mafunjo huziba mito hadi Misri, nchi ambayo katika zama za kale iliutengenezea ulimwengu karatasi kutokana na mmea huo. Misri kwenyewe, katika karne ile, mafunjo ya asili yalikuwa karibu yametoweka. Mmea unaweza kuwa msingi wa dola nzima, ukachongwa juu ya nguzo za mahekalu, kisha ukaisha katika nchi yake pasipo mtu kuandika siku ulipoonwa mara ya mwisho.

Mizigo ya karatasi ilifika London, ikapelekwa Kew, kwenye bustani na hebaria ya serikali ya Uingereza. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, mwishoni mwake iliwekwa orodha ya mimea ya Grant iliyotayarishwa na Daktari Thomas Thomson. Mwaka uliofuata Grant alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya kuivuka Afrika kwa miguu. Jina lake alilipata kutokana na maneno ya waziri mkuu Palmerston, aliyemtania kwa matembezi yake marefu. Mwaka huo huo wa 1864 alipewa medali ya dhahabu ya Royal Geographical Society. Na mwaka huo huo, Septemba, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, siku moja kabla ya kukutana hadharani na Richard Burton, mpinzani wake. Grant alikwenda mazikoni akaweka shada la maua. Tangu siku hiyo alikuwa mtetezi wa marehemu dhidi ya wote waliobisha.

Kazi ya mimea ilichukua miaka kumi zaidi. Daniel Oliver, aliyekuwa mtunzaji wa hebaria ya Kew, pamoja na wenzake, walipitia karatasi moja baada ya nyingine. Matokeo yalichapishwa katika sehemu tatu kati ya 1872 na 1875, yakajaza juzuu ya 29 ya maandishi ya Linnean Society ya London, kwa michoro zaidi ya 100. Maelezo ya Grant mwenyewe yaliwekwa chini ya majina ya mimea: palipoota, mwezi, matumizi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, C. B. Clarke alipoipanga jamii ya ndago kwa ajili ya kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya joto, alikuwa na vielelezo vya wasafiri wa karne iliyopita mbele yake mezani. Bila karatasi hizo angeandika masimulizi.

Wasomaji watauliza, na Rwanda je? Vielelezo vya kwanza vya nchi hii vilichukuliwa na Wajerumani. Von Götzen aliivuka Rwanda mwaka 1894, akaleta mimea ya milima ya volkano. Mwaka 1907, mwaka ule ule ambao Richard Kandt alikuwa akianzisha kituo cha Kigali, alifika mtaalamu wa mimea Johannes Mildbraed pamoja na msafara wa dyuki wa Mecklenburg, akakusanya kwa wingi. Karatasi za Wajerumani zilikwenda Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ile ikateketea. Vilivyosalia ni vile ambavyo nakala zake zilikuwa zimetumwa kwingine. Karatasi za Grant, kwa bahati, zilikuwa Kew. Ndiyo maana watunzaji wa hebaria hushikilia kwamba kila mmea uchumwe mara mbili au tatu na kugawanywa, kama vile makao makuu yanavyoweka nakala ya taarifa isibaki kwenye kambi moja.

Baada ya uhuru kazi ilifanyika Butare, ambayo sasa ni Huye, iliko hebaria ya taifa. Georges Troupin, Mbelgiji, alisimamia kitabu cha mimea ya Rwanda kilichotoka kwa juzuu nne kati ya 1978 na 1988, na jamii ya ndago imo katika juzuu ya mwisho. Mhandisi anayetaka kujua ni ndago ipi ipandwe ukingoni na ipi katikati ya maji huanzia hapo. Si anasa. Miaka ya mwanzo ya 2000, kinamasi cha Rugezi kilipokuwa kimekaushwa kwa mifereji ya kilimo, maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalipungua, mitambo ya umeme ya Ntaruka ikazorota, na Kigali ikakaa gizani. Serikali ikalazimika kuondoa kilimo humo na kukiacha kinamasi kipone. Tunalitaja kwa sababu wengine hudhani kwamba anayehesabu majani hana kazi.

Grant alirudi jeshini. Mwaka 1868 alikwenda Ethiopia pamoja na jeshi la Napier lililopigana na Mfalme Tewodros, akiwa katika idara ya upelelezi, akastaafu mwaka huo huo kwa cheo cha luteni kanali. Alikwisha kuoa mwaka 1865. Alikaa Nairn, akaendelea kwenda London katika mikutano ya wanajiografia, akawapokea vijana waliotaka kusafiri Afrika, akawapa ushauri juu ya njia, mahema na karatasi za mimea. Wenzake wa msafara ule walikufa mmoja mmoja: Speke, kisha Rumanika, kisha Bombay.

Alifariki tarehe 11 Februari 1892, akiwa na umri wa miaka 64, mjini Nairn alikozaliwa. Ukumbusho wake umewekwa katika chumba cha chini cha kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London. Mimea yake imo Kew, juu ya karatasi zilizogeuka manjano, na juu yake limeandikwa jina la nchi ya Karagwe na tarehe kwa wino uliofifia.